Nyuzijoto mbili za bure Nakuru: baridi na kigae kinachoelea juu ya sumaku

Anayeonyesha kigae kinachoelea juu ya sumaku hushika namba moja: kelvini 92 (kama nyuzi 181 za Selsiasi chini ya sifuri), ambapo kigae cha YBCO, kauri ya itriamu, bariamu, shaba na oksijeni, hupoteza ukinzani wote wa umeme. Basi hudhani kelvini 90 inatosha. Haitoshi. Karibu na 92 kigae hubeba mkondo mdogo mno, hata uzito wake chenyewe hukishinda. Nguvu hutoka kwenye nafasi iliyopo kati ya 92 na baridi uliyofikia.

Kule Mombasa nitrojeni ya maji, yaani gesi ya nitrojeni iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, huchemka kwenye kelvini 77.4, kwa hiyo nafasi ni 14.6. Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na nitrojeni huchemka karibu na 75.5. Nafasi inafika 16.5 bila pampu wala shilingi. Kisumu hupata 76.2 hivi. Na nitrojeni yenyewe si ngeni huku: ndiyo iliyo kwenye mitungi ya wanaopandisha ng'ombe kwa mrija.

Kilaze kigae cha milimita 30 ndani ya kihori chembamba cha stairofomu, kihori juu ya kadibodi ya milimita 5, kadibodi juu ya reli ya sumaku za neodimiamu. Fungua madirisha, maana nitrojeni hufukuza oksijeni chumbani. Mimina kidogo kidogo. Ukimwaga kwa pupa, upande mmoja husinyaa kabla ya mwingine na kigae hupasuka. Nitrojeni itatokota taratibu, kisha ghafla kwa fujo, kisha itulie. Subiri utulivu huo wa mwisho ndipo uondoe kadibodi: kigae kitakuwa kimenasa uga (nguvu ya sumaku iliyokizunguka), nao hukishikilia kwenye kimo hicho. Kisumu kuna unyevu mwingi, na maji huila YBCO, kwa hiyo kifunge kigae ndani ya mfuko wa plastiki kabla hakijapata joto.

Reli nayo huleta joto. Penye pengo kati ya sumaku, uga hubadilika, na kigae kikipita hapo kwa kasi mkondo wake huyumba na kuzaa joto ndani. Panga sumaku zikigusana kabisa.

Treni ya Japani inayoelea kwa sumaku, iliyofika kilomita 603 kwa saa mwaka 2015 ina shida kali zaidi. Koili zake za niobiamu na titaniamu hukaa kwenye kelvini 4 hivi, ndani ya heliamu ya maji. Wati moja ya joto huchemsha lita 1.4 za heliamu kwa saa. Nitrojeni ingepoteza mililita 22 tu. Koili za njiani hutikisa sumaku za treni, mtikisiko huzaa mikondo kwenye ngao ya alumini inayozizunguka, na joto lake likizidi kwenye koili, usuperkondakta (hali ya kukosa ukinzani) huzimika papo hapo. Ndiyo maana wahandisi walihangaika sana na mtikisiko.

Kihori chako kikishuka milimita moja, kuongeza nitrojeni hakutakiinua. Uga uliokuwa umenaswa umekwisha kuponyoka. Acha kigae kipate joto kupita 92, rudisha kadibodi, na umimine upya.