Nilivyotunga na kurekodi wimbo wa pop katika nyumba ya mawe, Lamu

Kilichonipa kazi zaidi katika wimbo huu ni mkazo. Maiki na kompyuta vilikuwa vyepesi. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na mdundo wa pigo nne hauna habari na hilo. Pigo zito likiangukia silabi ya mwisho, mwimbaji anasikika mgeni hata kama kazaliwa mtaa wa Mkomani, hapa hapa Lamu.

Nilichagua mapigo 92 kwa dakika, kila silabi nusu pigo. Kipande cha mizani 8, yaani silabi 8, kile kile cha utenzi, kinajaza mzunguko mmoja kamili wa mapigo manne, na silabi ya 1, 3, 5 na 7 ndizo zinazokaa juu ya pigo. Ya 7 ndiyo ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mwisho wa kipande hujipanga wenyewe. Hatari iko katikati. Nilikuwa na "Nimekungoja bandari": mkazo uko kwenye "ngo", silabi ya 4, lakini pigo linapiga "ja". Ukiimba inakuwa "nimekungo-JA", na hakuna mashine ya kurekebisha hilo. Niligeuza kuwa "Nilikungojea pwani". Sasa "je" ni ya 5 na "pwa" ni ya 7, zote juu ya pigo.

Kisha pumzi. Mizani 8 ikifuatwa na 8 nyingine haiachi nafasi hata ya kumeza mate. Kipande cha pili nilikipunguza hadi 6: "hadi jua kuchwa". Silabi mbili zilizoondoka zinampa mwimbaji kama theluthi mbili za sekunde kuvuta hewa. Washairi wataliita guni, yaani shairi lililovunja kanuni, na kwa kanuni zao wana haki. Lakini shairi la kusomwa halina mapafu. Kwenye kiitikio nilirudisha 8 kwa 8, ila waitikiaji wanachukua kipande cha pili.

Chumba cha ndani cha nyumba ya mawe kinafaa kwa sababu kuta nene huzuia kelele za njiani. Upana wake, ambao hufuata urefu wa boriti, ni mita 2.5, na hapo ndipo mvumo unapozaliwa: karibu na Hz 70 (mitetemo 70 kwa sekunde), na mara mbili yake, 140, ambayo imo ndani ya sauti ya mwanamume. Zidaka, vile vishimo vya mapambo ukutani, husaidia kuvunjavunja mwangwi wa sauti nyembamba, lakini besi haziigusi. Kanga na mapazia pia haziigusi, hata ukitundika doti kumi. Niliweka magodoro mawili ya sufi nyuma ya mwimbaji, na maiki robo ya upana, kama sentimita 62 kutoka ukutani. Katikati kabisa ya chumba ndipo 140 inapovimba. Kila kitu chini ya Hz 80 nilikikata baadaye.

Mdomo ulikaa shibiri moja kutoka maiki, na katikati soksi ya nailoni iliyovutwa kwenye duara la waya, kwa ajili ya "p" na "b". Nilirekodi kwa biti 24, kHz 48, kilele kisizidi -6 dB. Saa nne usiku hadi kabla ya alfajiri ndio wakati wangu. Feni huzimwa, na punda akilia unasubiri tu. Baada ya kazi maiki hurudi kwenye kopo lenye kifuniko, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, maana hewa ya chumvi huanza kwa kukwaruza sauti kabla ya kuua maiki kabisa.

Mashairi na lahani ni haki moja, rekodi ni haki nyingine. Kwa hiyo asilimia za mtunzi, mpiga ala na mwenye kurekodi ziliandikwa na kutiwa saini kabla ya mtu kuondoka, kisha wimbo ukasajiliwa kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Faili la WAV na picha ya pikseli 3000 kwa 3000 nilivipakia wiki nne kabla ya siku ya kutoka. Spotify hutaka uwapendekezee wimbo angalau siku 7 kabla ya siku hiyo ili uwafikie wafuasi wako kwenye orodha yao ya nyimbo mpya, na jina likikosewa herufi moja, wimbo huenda kwenye ukurasa wa msanii mwingine.