Daftari la banda la gemu

Jumapili usiku, Mwanga, Kigoma

Leo nimefungua duka langu la ufundi wa simu saa nane mchana, na hata baada ya kufungua sikushika simu ya mteja kwa karibu saa nzima. Niliitwa banda la gemu la jirani kuamua ugomvi wa watoto. Huniita mimi kwa sababu mashine yao ikiharibika ndiye ninayeifungua.

Wiki mbili zilizopita walikuwa na ligi. Timu nane, kwenye mashine ya gemu ya PlayStation 2 kuukuu, diski ya mpira iliyotiwa Simba na Yanga. Umeme ukakatika wakati uleule mashine inahifadhi matokeo kwenye kadi yake ya kumbukumbu. Uliporudi, kadi haikuwa na kitu. Ligi ya siku tisa ikawa imepotea, na kila mtoto akabaki na msimamo wake kichwani. Hakuna misimamo miwili iliyofanana. Yule aliyekuwa wa sita alikuwa na yakini kabisa kwamba alikuwa wa pili, na sidhani kama alikuwa anadanganya. Niliisafisha kadi, nikaijaribu kwenye mashine nyingine. Hola.

Walichofanya baada ya hapo hawakufundishwa na mtu mzima. Walichangishana wakanunua kaunta buku. Tangu siku hiyo mechi ikiisha, matokeo yanaandikwa kwa kalamu ya wino, wachezaji wote wawili wanatia sahihi, na mtoto wa tatu ambaye hakucheza anaandika jina lake kama shahidi. Wana umri wa miaka kumi na moja, kumi na mbili. Ugomvi wa leo ulikuwa kwamba kwenye mechi moja 2 ilikuwa imegeuzwa kuwa 3. Nikaligeuza lile jani na kulielekeza mlangoni penye jua. Kalamu ilikuwa imechimba hadi upande wa pili, na 2 ya kwanza ilionekana chini ya 3 ya pili, wino tofauti kidogo. Nikawaonyesha mmoja mmoja. Hata aliyeandika 3 alitazama, akanyamaza. Ugomvi ukaisha hapo, nikarudi dukani.

Ningekuwa nimeshalala sasa hivi kama si mtoto wa kaka yangu, aliyekuja likizo kutoka chuo. Nilimsimulia kisa hiki wakati wa chakula. Alicheka kwa kuwaonea huruma wale watoto, kisha akasema, "Lakini shangazi, si ungewanunulia tu betri ya akiba? Daftari ni kurudi nyuma. Hata kura sisi bado tunapiga kwa karatasi, wakati watu wanahamisha mamilioni kwa simu. Siku tukipiga kura kwa simu, mambo yatakwisha."

Nilimjibu vibaya, kwa haraka, na jibu langu halikumtosha. Naandika hapa jibu nililopaswa kumpa.

Mimi naipenda teknolojia, na nisingependa mtu afikiri vingine. Inanilisha. Marehemu baba alikuwa mvuvi wa dagaa, enzi za karabai, na nakumbuka harufu ya mafuta ya taa kwenye nguo zake. Leo vijana wa Kibirizi wanatoka na taa za betri zinazochajiwa kwa sola, na ziwa likiwa giza unaziona kutoka mlimani kama mji mwingine. Natengeneza taa hizo pia. Nyaya zikioza kwa maji naziunga upya, na nikisikia mtu amerudi na mzigo mzuri nafurahi kama nilikuwa chomboni.

Lakini miaka kumi na minne ya kufungua vifaa imenifundisha jambo moja ambalo mteja halioni: kioo kinaonyesha kile kilichoambiwa kionyeshe. Mwaka jana mama mmoja aliniletea flashi aliyouziwa kama ya GB 512. Ukiichomeka, kompyuta inakubali, inasema GB 512. Alimwagia humo picha zote za harusi ya binti yake, na majina ya mafaili yakatokea yote, moja baada ya jingine. Alifuta picha kwenye simu ili apate nafasi. Alipotaka kuzisafisha, mafaili hayakufunguka. Ndani kulikuwa na chipu ya GB 8, na programu ndogo iliyoandikwa ili iseme uongo juu ya ukubwa wake. Ilipojaa, iliendelea kupokea na kuitikia "nimeweka" huku haiweki chochote. Nilifanikiwa kuokoa picha za mwanzo, za kumpamba bibi harusi. Za sherehe yenyewe hazikuwepo popote. Yule mama alikaa kwenye benchi langu muda mrefu.

Sasa nichukulie kwamba ile flashi ni sanduku la kura.

Mwanangu yule anasema pesa za simu ni salama. Ni kweli, kwa sehemu kubwa, na sababu yake ni rahisi. Nikimtumia mama elfu kumi kule Kasulu, meseji inakuja kwangu na nyingine inakwenda kwake: jina, kiasi, namba ya muamala. Kikikosekana kitu, sisi wawili tunajua ndani ya dakika moja, na tuna pa kuanzia kulalamika. Kura haiwezi kuwa hivyo. Siku nitakayopata meseji ya kunithibitishia niliyempigia, ndiyo siku mwenye nyumba wangu anaweza kusema, nionyeshe. Mwajiri naye, mume naye, na yule aliyegawa kanga na chumvi naye. Kwa hiyo mashine ya kura inatakiwa ihesabu kura yangu sawasawa, na papo hapo isahau kabisa kwamba ni yangu. Ikikosea, au ikikosesha, mimi sina risiti, wala mwingine hana. Sijui kama kuna kazi nyingine ya kompyuta yenye masharti mawili yanayovutana namna hii. Ndiyo maana wataalamu wengi wa kompyuta, watu waliozijua mashine kuliko mimi, wamekuwa mstari wa mbele kuipinga kura isiyo na karatasi.

Na kuna mfano ambao mpenzi wa gemu kama yeye anapaswa kuujua. Mwaka 2006 kule Uholanzi wanaharakati walipata mashine za kura za Nedap, zilizokuwa zikitumika karibu nchi nzima. Upande wa wauzaji ulikuwa umesema kwamba hizo ni mashine za kazi maalumu, na kwamba wangependa kuona mtu akizifanya zicheze sataranji. Wale watu wakazifanya zicheze sataranji. Halafu wakaonyesha kwamba aliyeweza kuweka sataranji anaweza kuweka programu ya kuhamisha kura. Baada ya muda mfupi Waholanzi walirudi kwenye karatasi na penseli nyekundu. Mwaka 2010 watafiti wawili Marekani, J. Alex Halderman na Ariel Feldman, walichukua mashine ya kura aina ya Sequoia AVC Edge wakaweka ndani yake gemu la zamani la Pac-Man. Ilikuwa kazi ya alasiri tatu, na hawakugusa lakiri zilizokuwa zimebandikwa kuzuia mtu asiifungue.

Nikiwaza hilo nafikiria banda la jirani. Mashine ikibadilishwa kazi ili icheze Pac-Man, kila mtu anaona Pac-Man. Ikibadilishwa ili ihamishe kura moja katika kila kumi, kioo kinabaki vilevile, kinakushukuru kwa kupiga kura.

Ujerumani walilimaliza jambo hili mahakamani. Tarehe 3 Machi 2009 Mahakama yao ya Katiba iliamua kwamba mashine zilizotumika kwenye uchaguzi wa bunge wa 2005 zilikwenda kinyume cha katiba. Hawakusema kwamba kura ziliibwa. Walisema kwamba raia wa kawaida lazima aweze kuhakiki hatua za msingi za uchaguzi bila kuwa na ujuzi maalumu wa kiufundi. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilisimama. Ndicho kitu nilichokuwa nakitafuta maneno yake. Mama yangu anaweza kuhesabu karatasi. Mama yangu hawezi kukagua programu, na mimi fundi wake siwezi kumkagulia, kwa sababu hakuna atakayeniruhusu kuifungua.

Upande wa pili wa ziwa letu wameionja mashine. Tarehe 30 Desemba 2018 Wakongo walipiga kura kwa mashine za kampuni ya Miru Systems ya Korea Kusini. Kwa Kifaransa neno la kupiga kura, voter, na neno la kuiba, voler, yanapishana herufi moja, na watu hawakuchelewa kuibadilisha. Mama mmoja wa vitenge kutoka Kalemie, mteja wangu, alinieleza jinsi ilivyokuwa: unagusa picha ya mgombea, mashine inakuchapia karatasi, unaitazama, unaitia sandukuni. "Mie karatasi yangu niliiona kwa macho," aliniambia. Ukiutazama kwa haki, mpango wenyewe haukuwa wa kipuuzi. Mwaka 2011 wagombea walikuwa wengi mno hata karatasi ya kura ikawa kama gazeti la kurasa nyingi. Na karatasi iliyochapwa ndiyo iliyohesabiwa. Lakini matokeo ya kituo kwa kituo hayakutangazwa, na maaskofu Wakatoliki, waliokuwa na waangalizi wapatao 40,000, walisema yaliyotangazwa hayalingani na waliyoyakusanya. Karatasi ilikuwepo, ila hesabu yake haikuanikwa.

Mwaka 2015 nilikuwa karani kwenye kituo kimoja, darasa la shule ya msingi. Mwaka huohuo tuliandikishwa kwa mashine za BVR, zinazosoma alama za vidole, na vidole vya mama mkubwa, vilivyosuguliwa na mawese tangu utotoni, vilikataa kusomeka. Akanawa, akafuta, akarudia, mwisho vikasomeka. Kosa lile halikunitisha hata kidogo, kwa sababu mwenyewe alikuwa amesimama pale na kila mtu aliliona. Hapo mashine inafaa. Kitu kikikataa, mwenye nacho anajua.

Tarehe 25 Oktoba, baada ya kufunga saa kumi jioni, tulianza kuhesabu. Giza liliingia tukiwa bado hatujafika mbali, tukawasha taa za betri, na nzi wadogo wa ziwani wakaja kwenye mwanga kama wanavyokuja vyomboni. Msimamizi aliinua karatasi moja moja, akaigeuza kwa mawakala upande huu, kisha upande ule, akataja. Kulikuwa na karatasi yenye alama iliyotoka nje ya kisanduku, na wakaibishania kwa dakika nyingi. Shingo iliniuma, nilikuwa na njaa. Lakini niliwatazama mawakala wa vyama mahasimu wakiinamia karatasi ileile chini ya taa ileile, nikamkumbuka baba mchangani asubuhi, dagaa wakihesabiwa kwa ndoo mbele ya wote waliokesha ziwani. Mwenye chombo wake alikuwa mtu mwaminifu, na bado hakuhesabu peke yake hata siku moja. Waliposaini fomu na nakala ikabandikwa nje ya mlango, kijana mmoja aliimulika kwa simu, akaipiga picha.

Picha ile ndiyo kura ya simu ninayoitaka mimi. Wakenya mwaka 2022 waliweka picha za fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000, kwenye tovuti wazi, na mtu yeyote mwenye bando aliweza kukaa kitandani akajumlisha. Teknolojia ilibeba karatasi mpaka kwa mwananchi. Malawi nao, matokeo ya 2019 yalifutwa na mahakama Februari 2020, na moja ya mambo yaliyoonekana ni fomu zilizopakwa wino mweupe wa kufutia. Mtu anaweza kusema, basi si unaona, hata karatasi inachezewa. Naona. Ila ule wino mweupe ulionekana. Ulipelekwa mbele ya majaji ukiwa juu ya karatasi, kama ile 2 ya leo iliyokuwa chini ya 3.

Kwenye gemu siwezi kuwa mkali hivi. Mwaka 2024 kampuni ya Ubisoft walizima seva, yaani kompyuta zao zilizoliendesha kupitia mtandao, za The Crew, gemu la magari lililotoka 2014, na waliolinunua hawawezi tena hata kuendesha peke yao. Inauma, ni dhuluma kwa mnunuzi, na nawaunga mkono wanaoipinga. Lakini aliyepoteza gemu anajua amelipoteza.

Mwanangu amelala sebuleni, simu kifuani. Kesho nitampeleka banda la jirani saa kumi, ni nusu fainali, na wamekosa mtu wa tatu wa kutia sahihi kwa sababu watoto wote waliobaki ni ndugu wa mchezaji mmoja. Nimewaambia nitawaletea shahidi asiye na timu. Daftari wameniachia mimi nilale nalo. Liko kwenye droo ya vioo, chini ya ufunguo.