Siku yangu moja: sola ya mwekezaji tuichomeke wapi?

Saa 12:30 asubuhi. Mafinga kuna baridi, na chai inapoa kabla hujaimaliza. Kazi yangu ni kupanga mitandao ya kusambaza umeme. Wiki hii mezani kuna ombi la mwekezaji anayetaka kujenga mtambo wa umeme jua wa megawati 3 na kuuingiza kwenye laini ya kilovolti 33. Kiwanja keshanunua, jirani kabisa na kituo cha kupoza umeme. Ningependa angeuliza kwanza.

Saa 2. Sianzi na laini yetu. Naijaribu programu ya hesabu kwenye mtandao wa mfano wa nodi 33, yaani pointi 33 za kuunganishia, uliochapishwa na watafiti Baran na Wu mwaka 1989, ambao kila mtu wa fani hii anaujua: mzigo, yaani umeme unaotumika, ni kilowati 3,715; upotevu, yaani umeme unaoishia kuwa joto kwenye waya, ni kilowati 203 hivi. Jenereta moja ya kama megawati 2.6 ikiwekwa nodi ya 6, upotevu unashuka hadi kilowati 111. Programu imetoa majibu hayohayo. Haya, twende kazini.

Saa 4. Takwimu za laini yetu ndizo zinazokula muda. Kuna transfoma moja sielewi inalishwa na laini ipi, nampigia fundi.

“Kaka, ile ya shuleni bado iko upande wetu?”

“Ile tulishaihamisha, injinia. Hawakukuambia?”

Hawakuniambia. Naitoa, naendesha hesabu upya.

Jibu ni lilelile nililolitegemea: kiwanja cha mwekezaji hakitusaidii sana. Upotevu hupanda kwa mraba wa mkondo; mkondo ukiwa mara mbili, joto kwenye waya ni mara nne. Mtambo ukikaa mwanzoni mwa laini, umeme wa vijiji vya mwisho bado unasafiri njia nzima. Mzigo ungekuwa umetandazwa sawasawa, wazee wa fani wana kanuni yao: mtambo wa theluthi mbili ya mzigo, kwenye theluthi mbili ya urefu. Ila kwetu viwanda vya mbao vimebanana mwanzoni na vijiji vimetapakaa mbele.

Saa 7 mchana. Tunapanda pikapu kwenda kuiona nodi bora, ile ambayo programu inasema mtambo ungepunguza upotevu zaidi. Iko katikati ya shamba la misonobari! Kivuli kitupu. Si neno: karibu na jibu bora, mstari wa upotevu kwenye grafu huwa bapa, ukisogea kilomita mbili tatu hupotezi kitu cha maana. Ukubwa ndio wa kuuchunga, maana ukipitiliza, umeme unaanza kurudi nyuma kituoni na upotevu unapanda tena. Jumapili, viwanda vikiwa vimefungwa na jua likiwaka, msongo (volti) huko mbele ungevuka kiwango.

Saa 10 jioni. Kiwanda cha mbao. Msumeno mkubwa ukiwashwa, taa ya ofisini inafifia kisha inarudi.

“Mwanangu, hiyo sola itaniondolea hili?” anauliza mama mwenye kiwanda.

“Shikamoo mama. Kidogo sana. Hilo linatokana na mota inavyoanza. Tuiwekee “soft starter”, kifaa cha kuiwasha mota polepole.”

Saa 2 usiku. Duka la mwisho wa laini. Nachomeka kipimo kwenye soketi: volti 196, badala ya 230. Mwenye duka kazima friji, anauza soda za moto. Saa hii ndiyo wanakijiji wamewasha kila kitu, na jua lilishazama. Ndiyo maana hesabu ya saa moja tu ya mchana siiamini. Lazima uendeshe hesabu kwa saa zote 24. Mtambo wa maji wa Mwenga, megawati 4, uliwashwa hapahapa wilayani Mufindi mwaka 2012, na maji hayazami jioni. Sola itahitaji betri.

Saa 4 usiku. Naandika pendekezo: megawati 2 badala ya 3, kiwanja kingine ng’ambo ya misonobari, betri ya kutosha kuanzia saa 1 hadi saa 4 usiku. Mwekezaji atanuna kwa ajili ya kiwanja chake. Bei ya betri namwachia mhasibu.