Siku moja Ubelgiji, na daftari la Mwalimu

Saa 12:40 asubuhi. Alamu inalia na nje bado ni usiku. Januari huku jua halichomozi mpaka inakaribia saa 3. Kabla sijatoka kitandani najaza fomu ya klabu kwenye simu: nimelala vipi, mwili umechoka kiasi gani, nyama za paja zinauma kiasi gani kuanzia 1 hadi 10. Leo naandika 2. Niliwahi kudanganya kwenye fomu hii ili nipangwe Jumamosi. Nilichanika dakika ya 20 na nikakaa nje siku 40. Tangu siku hiyo naandika ukweli.

Mimi ni mtoto wa Kigoma, mwisho wa reli, beki wa kulia, nipo mwaka wa pili wa mkataba daraja la pili Ubelgiji.

Saa 2:15. Nafika klabuni. Kwanza mizani, halafu kikombe cha mkojo. Wanapima kama mwili una maji ya kutosha. Mayai, uji wa shayiri, chai.

Saa 3:00, jimu. Napiga magoti, mwenzangu ananibana vifundo vya miguu, najishusha mbele taratibu mwili ukiwa umenyooka kama ubao, mpaka nyama za nyuma ya paja zinaanza kutetemeka na mikono inadaka sakafu. Mara 6, napumzika, mara 6 tena, napumzika, mara 6 za mwisho. Zoezi hili halihitaji mashine wala umeme, ni magoti na rafiki wa kukushika tu, na ni kinga kubwa ya misuli hiyo. Nilikuja kulijua nikiwa na miaka 22. Kila kijana anayesoma hapa na anacheza mpira, alianze wiki hii, kidogo kidogo.

Saa 4:30, uwanjani. Nyuzi joto 2, glavu mkononi, kifaa cha GPS mgongoni ndani ya fulana kinachohesabu kila mita niliyokimbia. Tunaanza na mduara, wawili katikati wakisaka mpira, kisha tunafanya kazi ya mabeki: winga wa upande wa pili akipanda, mimi naingia ndani au nabaki? Kocha anasimamisha mchezo mara nne kwa ajili yangu. Sichukii. Kocha akiacha kukusimamisha, hapo ndipo uanze kuogopa.

Mzee wa vifaa, kila akinipa soksi, ananitajia Mbwana Samatta, Mtanzania mwenzangu aliyechezea klabu ya Genk ya huku. Watu wa huku hawajamsahau: msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi, Genk wakawa mabingwa, naye akabeba Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika kwenye ligi ya Ubelgiji. Mzee huyu anamkumbuka pia Mkenya Mike Okoth, aliyekuwa kwenye kikosi cha Genk kilichotwaa ubingwa wa kwanza wa klabu hiyo mwaka 1999. Mlango ninaopita mimi, wao ndio waliufungua.

Saa 7:00 mchana. Tambi, kuku, barafu kwenye paja.

Saa 8:30. Niko mezani nyumbani na karatasi zangu. Hapa nataka nieleze vizuri, kwa sababu walimu wengi wa mpira wa mtaani hawalijui jambo hili.

Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada yake ya uhamisho ni haki ya klabu zilizomlea kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Kila msimu kati ya miaka 12 na 15 una asilimia 0.25 ya ada nzima. Kuanzia 16 ni asilimia 0.5 kwa msimu. Chukua mchezaji aliyeuzwa euro 300,000. Klabu iliyokaa naye toka miaka 12 hadi 17 inastahili euro 6,000. Hizo ni zaidi ya milioni 15 za kwetu. Ni mipira, viatu, nauli za mashindano, na uji wa watoto baada ya mazoezi kwa muda mrefu.

Mwalimu wangu alinilea miaka hiyo sita yote, kwenye mchanga karibu na ziwa. Viatu vyangu vya kwanza alivinunua kwa mshahara wake wa shule ya msingi. Nilipouzwa kuja huku hakupata hata senti, kwa sababu timu yetu haikuwa imesajiliwa popote. Malipo haya yanafuata pasipoti ya mchezaji, yaani rekodi ya usajili inayotunzwa na shirikisho la nchi. Kwenye pasipoti yangu, maisha yangu ya soka yanaanza nikiwa na miaka 18, Dar es Salaam. Miaka sita ya Mwalimu haipo. Niliposoma karatasi ile mara ya kwanza nililia, na siyo kwa sababu ya fedha.

Saa 11:00 jioni. Napika ugali. Unga nanunua kwa mama mmoja wa Lubumbashi anayeniambia, "Mwanangu, leo unga iko." Dagaa ni za mama yangu, zilikuja na mgeni mwezi uliopita. Jiko la umeme linapoa taratibu, kwa hiyo nasonga, naondoa sufuria, narudisha, nasonga tena.

Saa 1:00 usiku, Kigoma saa 3:00. Napiga.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Mguu unasemaje?"

Namwambia ni 2. Anafurahi, kisha ananiambia habari niliyoisubiri tangu mwaka jana: timu imesajiliwa. Ana vijana 31. Tisa hawana vyeti vya kuzaliwa. Nitalipia mimi, na yeye atawasindikiza na wazazi wao. Anafungua daftari na kuanza kunisomea tarehe za kuzaliwa, moja moja, bila haraka, kama alivyokuwa akiita mahudhurio darasani. Wa mwisho kwenye ukurasa ametimiza miaka 12 mwezi huu.

"Huyu msimu wake unaanza kuhesabiwa," anasema, na nasikia kalamu ikipita kwenye karatasi.