Barabara si barabara: siku moja ya mwalimu wa kwaya Mtwara

Saa 11 alfajiri niko mezani na daftari. Kinanda sina, natunga kichwani, naandika nota kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t. Besi bado wamelala na mimi nimeshawapangia kazi.

Saa 2 hadi saa 5 nafundisha watoto huku Chikongola. Pumzi, mdomo wazi, mabega chini. Hakuna jipya.

Saa 6 akaja bwana harusi mtarajiwa kutoka Tandahimba.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Karibu ukae."

Anataka wimbo wa harusi. Leo Alhamisi, harusi Jumamosi. Mkononi ana karatasi ya majina ya kutajwa: wazazi wa pande zote, wajomba wawili, shangazi aliyetoa kitanda. Na kiitikio katunga mwenyewe: "Tupite barabara ya mapenzi." Akaniimbia. Sauti anayo, sikatai. Tatizo ni pale alipokazia: ba-RA-bara.

Nikamwambia, Kiswahili mkazo wake kwa kawaida unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Ya kupita magari ni bara-BA-ra. Ukikaza ba-RA-bara umesema "sawasawa". Kwenye maandishi yanafanana. Kwenye wimbo pigo zito ndilo linaloamua msikilizaji asikie lipi. Hiyo ndiyo kazi yangu hasa, kuzuia muziki usiyapinde maneno. Nikasogeza nota mbili, nikamwimbia tena.

"Mbona ni ileile, mwalimu?"

Nikarudia. Akarudia vilevile alivyokuja nayo. Tulizunguka hapo karibu saa nzima, jua la Mtwara likiingia mlangoni, mpaka akachoka: "Watu watakuwa wanacheza, nani atasikiliza?" Nikataja bei. Akacheka kama nimemtania. "Kuimba tu, mwalimu! Si kipaji hicho, Mungu kakupa bure?" Fundi aliyemshonea suti kamlipa nusu kabla hajakata kitambaa, hilo kaniambia mwenyewe. Mimi nisubiri mnada wa korosho.

Akaniachia soda. Nikainywa, ningefanyaje.

Jioni mazoezi ya kwaya. Soprano wamejaa, alto wapo, tenori wawili tu. Wenzao wako mashambani wanaokota korosho. Nikaimba tenori mwenyewe huku naongoza kwa mkono mmoja na mwingine unafuta ubao. Ukurasa mmoja, tumeurudia sijui mara ngapi. Kuna mahali alto wanapanda nusu sauti tu, na kila siku wanapanda nzima. Leo walipatia mara moja, kisha wakasahau. Koo likaniwaka, nikabaki kuonyesha kwa vidole.

Nyumbani usiku sana. Wali umepoa. Nanakili sauti nne kwa mkono, nimefika mstari wa besi, majina yote yameingia kwenye mapigo yake, hata shangazi na kitanda chake. Simu ikalia, ujumbe wa bwana harusi:

"Mwalimu samahani, tumemsahau babu mzaa mama."