Nilipoacha kumkimbiza na bakuli

Mwanangu alipofikisha mwaka mmoja na nusu aligoma kula. Uji wa ulezi aliokuwa akiumaliza akaanza kuutema, mtori akawa anaugeuzia uso, maharage hata harufu hakuitaka. Nikawa namkimbiza na bakuli uwanja mzima wa nyumba tuliyopanga hapa Pasua, Moshi. Kuna siku nilimbana mapajani nikamlisha huku analia, akatapika chote. Yale macho aliyonitazama nayo yananiuma mpaka leo.

Kliniki, mstari wa uzito kwenye kadi ulikuwa umelala, ingawa bado ulikuwa kwenye kijani. Nesi hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mama, tangu ameamka leo ametia nini tumboni?" Nikahesabu: maziwa kikombe alipoamka, chai, biskuti njiani, maziwa tena tukiwa kwenye foleni. Hapo ilikuwa saa nne asubuhi.

"Sasa njaa aitoe wapi?"

Akanieleza kwamba baada ya mwaka wa kwanza mtoto hakui kwa kasi ile ya mwanzo, kwa hiyo hamu ya kula hupungua yenyewe. Maziwa yakizidi nusu lita kwa siku yanamshibisha, lakini madini ya chuma hayamo ya kutosha, na damu ikipungua hamu nayo inazidi kufa. Akampima damu, ikawa salama, akampa na dawa ya minyoo.

Nilipunguza maziwa yakawa vikombe viwili vidogo, tena baada ya chakula. Chai na biskuti nikaacha kabisa. Kati ya mlo na mlo ni maji tu, na kipande cha parachichi saa kumi. Siku ya tatu ilikuwa ngumu. Mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Kibosho na mkungu wake wa ndizi, akamkuta mjukuu analilia maziwa. "Mwanangu, mtoto anateseka na njaa huyu." Nikamwambia, "Mama, naomba tuvumilie, saa saba haiko mbali." Alikaa kimya, lakini nilijua moyo wake unamuuma kama wangu.

Mchana ule tulikula wote mkekani. Mama mkwe alikuwa anapika mtori, na kabla hajaziponda ndizi mshare nikamwomba vipande viwili. Nikavipoza, nikaviweka mbele ya mtoto, nyama pembeni, bila kusema neno. Akashika kipande kwa mkono wake, akakinusa, akala. Kumbe chakula alikuwa anakipenda, alichokuwa hataki ni kupondewa na kuchanganyiwa! Tangu siku hiyo sahani yake kila kitu kinakaa peke yake: wali huku, maharage huku, mchuzi kwenye kibakuli.

Mboga za majani ndizo zilizochukua muda. Kila siku nilimwekea kijiko kimoja cha mchicha, na kila siku nikakiondoa kama kilivyo. Sikumbembeleza, sikumwahidi pipi. Wiki ya tano hivi alinyoosha mkono kwenye sahani yangu, sio yake, akachukua jani la mnafu. Ule uchungu ulimkunja uso, lakini alimeza, kisha akachukua lingine.

Dagaa bado hataki. Nazidi kumwekea wawili pembeni ya ugali.