Toa kumi na nne: nilivyotia Bluetooth kwenye gari kuukuu

Kabla ya yote nina neno na wanaume wa barazani kwetu Kisauni. Miezi mitatu, kila nikipita, maneno ni yale yale: "Dada, hiyo redio ng'oa utupe, tia skrini ya Android." Hakuna aliyeuliza redio ina nini. Skrini pamoja na fundi, mmoja alinitajia elfu kumi na nane, mwengine ishirini na tano. Gari lenyewe ni Corolla ya 2004, namba yake KBP, taa moja ya nyuma nimeishikiza kwa selotepu. Nitie skrini ya elfu ishirini humo ndani, wezi wanishukuru?

Mimi kazi yangu ni mapishi. Harusi, maulidi, hitima, nipe idadi ya watu tu. Siku ya kazi simu hailali: mama wa bi harusi anauliza biriani limefika wapi, wa viti na meza anauliza aingilie geti gani, na mimi niko daraja la Nyali, sufuria tatu nyuma, mchuzi unacheza kila nikigusa breki. Kushika simu hapo ni kosa kisheria, na hata lisingekuwa kosa, mkono wa kushikia sina.

Redio ilikuwa ile iliyokuja na gari kutoka Japani. CD inayo, na tundu la MD pia, zile diski ndogo ambazo hapa Mombasa sijaiona hata moja. Maandishi ya Kijapani. AUX, lile tundu la kuchomekea waya wa sauti kutoka kwenye simu, hakuna, USB hakuna.

Nikaanza na modyuleta, kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara. Simu inakirushia sauti kwa Bluetooth, chenyewe kinajifanya kituo kidogo cha redio, na redio ya gari inakishika kama kituo chengine chochote. Mia saba hivi, Mwembe Tayari. Muuzaji akaniambia, "Mama, namba utakayoweka hapa, weka hiyo hiyo kwenye redio. Basi."

Nikaweka 100. Nikazungusha redio: 88, 89, 90, halafu 76. Nikazungusha tena: 89, 90, 76. Redio yangu haijui kama duniani kuna mia.

Haya, nikateremka, 89 huku na 89 huku. Shhhhh. Sauti ya bahari, na bahari ninayo bure. Nikakirudisha, nikapewa chengine. Shhhhh. Nikarudisha na hicho, na safari hii muuzaji alinitazama kama niliyekuja kumwibia. Akasema antena yangu imekufa. Mume wangu akasema simu yangu ndiyo mbovu. Barazani wakasema, "Si tulikwambia?"

Sasa sikiliza. Asubuhi moja niko ndani ya gari nje ya nyumba ya mteja, nasubiri nifunguliwe mlango nishushe mahamri. Redio iko Baraka FM. Mtangazaji akataja 95.5. Jicho langu likaangukia redio: 81.5. Miaka yote naisikiliza hapo hapo na sijajiuliza hata siku moja! Nikachukua karatasi ya oda ya viazi karai, nikageuza nyuma nikapiga hesabu. 95.5 toa 81.5, kumi na nne. Nikajaribu kituo chengine ninachokijua namba yake. Kumi na nne. Cha tatu. Kumi na nne.

Kumbe ndivyo ilivyo. Japani FM yao inaanzia 76, na redio kama yangu inakomea 90. Sisi vituo vyetu viko kati ya 88 na 108. Kwa hivyo gari likishaingia nchini, fundi huunganisha kijisanduku kwenye waya wa antena nyuma ya redio, wenyewe wanakiita ekspanda, na kazi yake ni kuyateremsha masafa yetu mpaka yaingie kwenye redio ya Kijapani. Changu kinateremsha 14. Modyuleta nayo inapitia antena ile ile, nayo inateremshwa! Ukiniwekea 89 huku na 89 kule, ni sawa na kumngojea mgeni Likoni na yeye kashukia Mtwapa.

Basi nikazima modyuleta, nikapitisha redio pole pole mpaka nikapata pahali pasipo mtu, pana shhh tu. Tuseme ni 83.2. Ongeza 14, unapata 97.2, hiyo ndiyo namba ya modyuleta. Nikachomeka. Sauti ya kwanza kutoka kwenye spika ilikuwa ya mwanangu, ujumbe wa sauti wa tangu jana: "Mama, ukirudi nunua mkate." Nikapiga kigelegele peke yangu garini, bawabu akaja mbio kutazama kuna nini.

Namba yangu hasa sikupi, wala si uchoyo. Iliyo tupu Kisauni huenda ina mwenyewe ukifika Changamwe. Na si kila ekspanda inatoa 14. Chukua kituo unachokijua, piga hesabu yako mwenyewe.

Hilo la Changamwe nalisema kwa sababu limenikuta. Niko kwenye simu na mteja tunapatana bei ya pilau la watu mia mbili, nimefika penye foleni ya malori, mara katikati ya maneno yangu anaingia ustadhi na mawaidha juu ya wafanyabiashara wanaopunja mizani. Mteja kanyamaza. Kisha akauliza, "Dada, huyo ni nani?" Nikamwambia ni redio. Sidhani aliamini, lakini bei hakuteta tena.

Nikavumilia wiki kadhaa, halafu nikataka kitu cha waya, kisichoingiliwa na mtu. Hapo nakiri redio niliibadilisha, ila kizee kwa kizee. Fundi mmoja wa Majengo alikuwa na redio ya mtumba iliyotolewa kwenye Probox, yenye tundu la AUX mbele. Zote za Toyota, plagi za nyuma zikaingia vile vile, hakukatwa waya hata mmoja. Ukimwona fundi ameshika mkasi kabla hajatazama plagi, mwambie ngoja. Elfu mbili na kitu, na ile ya MD akaichukua yeye, sijui ya nini. Juu yake nikanunua kipokezi cha Bluetooth, kidogo kama kashata, kichwa kimoja kinaingia AUX, chengine kinakula umeme wa USB kutoka tundu la sigara.

Sauti safi, maashallah. Nikawasha injini.

Nzzzzz. Mbu. Nikikanyaga mafuta mbu anapanda, nikiachia anashuka. Nikipiga gia anabadilisha wimbo. Fundi akasikiliza, akatingisha kichwa kwa huzuni kama daktari, akasema alteneta, ile mashine ya kuzalisha umeme wa gari, inakufa, tuandae elfu saba. Wa pili akasema spika. Kidogo nitoe pesa, wallahi. Bahati yangu siku ile mwanangu alikichomoa kipokezi kwenye chaja ya tundu la sigara achaji simu yake, na mimi nina wateja wa kupigia, basi nikakichomeka kwenye pawabenki. Injini inanguruma, mbu hayupo. Nikakanyaga mafuta mpaka jirani akachungulia dirishani. Kimya. Nikakirudisha kwenye chaja: nzzzzz. Pawabenki: kimya. Nilifanya hivyo mara kumi, si kwa kupima tena, kwa raha tu.

Alteneta haikuwa na kosa la kulipiwa elfu saba. Ni kwamba kipokezi kimeshikana na negativu ya gari, yaani upande hasi wa betri, mara mbili, mara moja kwa njia ya chaja na mara ya pili kwa njia ya waya wa AUX kupitia redio, na uchafu wa umeme wa alteneta ukapata duara la kuzungukia mpaka ukaingia kwenye sauti. Pawabenki haikushikana na gari, duara likakatika. Dawa yake ni kichujio kidogo cha kukaa katikati ya waya wa AUX, mia nne au tano hivi, kinapitisha sauti bila waya kugusana. Nimekitia, mbu amehama. Kwa hiyo ukiambiwa alteneta, jaribu pawabenki kwanza, hata ya kuazima.

Kuunganisha na simu hakuna la kueleza, unajua mwenyewe. Ila kama muziki unatoka kwenye spika na simu za watu zinabaki sikioni, au kinyume chake, ingia kwenye simu, fungua jina la kile kidude, utakuta sauti ya simu na sauti ya midia kila moja na kibonyezo chake. Kimoja kimezimwa. Mimi nilimlaumu Mchina wa watu siku mbili.

Pia vidude hivi vya rahisi havina siri, anayekuja kwanza ndiye mwenyewe. Nilikuwa kwenye foleni ya feri Likoni, nimezima simu yangu kidogo kuhifadhi chaji, mara gari langu likaanza kupiga singeli. Kijana wa tuktuk mbele yangu alikuwa anatafuta spika yake, akashika gari la mtu. Akaja kuomba radhi, "Samahani, mama," na mimi nishaanza kutikisa bega.

Maikrofoni iko ndani ya kipokezi chenyewe, kwa hivyo usikiache chini karibu na gia, watu watasikia breki na masufuria. Nilikibandika juu ya dashibodi kwa gundi ya pande mbili, jua la Mombasa likaiyeyusha siku ya kwanza, nikakikuta miguuni kwa abiria. Sasa kipo ubavuni mwa redio, kwenye kivuli. Wakilalamika wanajisikia wenyewe, punguza sauti ya spika, si uongeze.

Kuna moja tu limenishinda. Kila nikiwasha gari, mwanamke aliyemo ndani ya kile kidude anatangaza kwa Kiingereza, sauti ya juu kabisa, kwamba Bluetooth iko tayari kuunganishwa, na kelele yake haipungui hata nikipunguza sauti kwenye simu. Mimi naondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda soko la Kongowea kutafuta nyanya. Mtaa mzima umelala, vioo vyangu viko chini kwa joto. Watoto wa jirani wamemkariri, wananiigizia mlangoni nikirudi.